Hii Ni Kakao, Siyo Ile

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho uliniambia simu ni nyuki aliyeingia sikioni, ukakata kabla sijamaliza salamu. Kwa hiyo naandika. Utanisamehe mwandiko, mkono wangu umezoea chaki ya kuchorea vitambaa kuliko kalamu.

Habari ni za baba. Ule uvimbe wa tumboni daktari anasema si wa kutisha, ila lazima utolewe. Tarehe imepangwa, ishirini na nane Juni. Lakini kuna sharti. Baba ana kilo arobaini na saba, na daktari amesema hamgusi kwa kisu mpaka afike hamsini na moja. "Mwili uliokonda hivi nikiushona hautashika," alisema. Mimi ni fundi cherehani, shangazi. Hilo nililielewa mara moja. Kitambaa kilichochakaa hakishiki uzi.

Tatizo ni kwamba hataki kula. Supu anaionja kwa ncha ya ulimi. Mayai anayatazama kama yamemtukana. Nimembembeleza, nimemfokea, nimelia. Juzi nikamwambia, "Basi baba, sema wewe, unataka nini duniani?" Akafikiri, akasema, "Ile kakao ya kopo." Kakao gani? "Ya nyumbani kwetu. Ya kwenye kopo jekundu." Inatengenezwaje? "Muulize mwenye kopo."

Mwenye kopo ni wewe. Daktari nilipomwambia alifurahi: kinywaji chenye maziwa na sukari, vikombe vitatu kwa siku, kinaweza kumpandisha mtu kilo bila yeye kujua.

Najua wewe na baba hamjasemeshana tangu mazishi ya bibi, miaka saba sasa. Siku ile nilikuwa nyuma naosha vyombo. Nilipoingia sebuleni wageni wote walikuwa wameinamisha nyuso, wewe unatafuta mkoba wako, baba anatazama dirisha, na nilichokisikia ni neno moja tu: "maziwa". Nimekaa na neno hilo miaka saba. Nikimuuliza baba anasema, "Muulize mwenyewe." Basi nakuuliza. Lakini kwanza nipe kakao.

Mwanao,
Sindano

11 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Nashukuru umeandika, maana maelekezo ya kupika yaliyosemwa kwenye simu hufika yamepungukiwa chumvi.

Chukua daftari. Utahitaji unga wa kakao halisi, ule mchungu usiochanganywa na chochote. Ukiulamba bila kukunja uso, umeuziwa kitu kingine. Kipimo chako kiwe kikombe kimoja hichohicho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisiwe hiki leo na kile kesho. Kakao kikombe kimoja. Sukari kikombe kimoja, lakini usiitie ilivyo. Isage au itwange kwanza mpaka iwe laini kama unga. Kwa nini? Kwa sababu punje nzito huzama chini ya kopo na unga mwepesi hubaki juu, na hapo mtu wa kwanza atakunywa uchungu na wa mwisho atakunywa sharubati.

Maziwa ya unga, yale yenye mafuta yake, vikombe viwili.

Chumvi robo kijiko cha chai. Usishangae. Chumvi kidogo haifanyi kitu kiwe na chumvi, inafanya utamu usikike, kama vile mtu mmoja akinyamaza chumbani ndipo unamsikia mwenzake. Mdalasini uliosagwa, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Vyote vichekeche kwa chekeche la matundu madogo mara tatu. Mara ya kwanza unachanganya, ya pili unavunja madonge, ya tatu ni ya heshima.

Sasa kwenye kikombe, na hapa ndipo wengi huharibu. Kakao ina mafuta ndani yake, na mafuta na maji hayapatani. Ukimwaga maji mengi kwa mara moja, unga hujikunja madonge, na ndani ya kila donge umebaki mkavu kabisa. Kwa hiyo weka vijiko vitatu vya mchanganyiko, tia maji ya moto kidogo tu, koroga mpaka upate uji mzito unaong'aa, ndipo ujaze kikombe. Usiwe na haraka. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na nne na sijaona jambo lililoharibiwa na subira.

Mpe baba yako asubuhi, alasiri, na kabla ya kulala. Hilo swali lako la pili tutaliongea siku nyingine.

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimetengeneza. Nilichekecha mara tatu kama ulivyosema, kosa langu ni kwamba nilichekechea karibu na meza ya kukatia, na sasa kuna gauni jeupe la bibi harusi lenye vivuli vya kahawia begani. Nimelifua mara nne. Mwenye gauni akiuliza nitamwambia ndiyo mtindo.

Kakao yenyewe ni tamu, shangazi. Nilikunywa vikombe viwili nimesimama. Jirani yetu fundi viatu aliingia kuazima mkasi, akaondoka bila mkasi akiwa na kikombe.

Baba nilimpelekea kitandani. Akanusa. Akanywa tone. Akafumba macho, nami nikasema moyoni, Mungu ni mwema. Akafumbua.

"Hii ni kakao," akasema.

"Ndiyo baba."

"Siyo ile."

Hata hivyo akanywa, nusu kikombe. Nusu nyingine akaisukuma pembeni ya meza. Nikamwambia amalizie, akasema, "Imetosha." Jana hivyohivyo, na leo. Nusu anakunywa, nusu anaacha.

Nimemuuliza kuna kitu gani kimepungua. Anasema hajui jina lake ila ulimi unajua. "Ile ilikuwa na kitu nyuma yake," anasema. "Hii iko mbele tu." Wewe umeelewa hapo?

Halafu jambo moja, usinikasirikie. Kwenye barua yako, pale chini ya maziwa ya unga, kuna mstari umeukata. Umeukata kwa kalamu mara tatu, kama mtu anayeziba tundu. Tangu nizaliwe sijaona mwalimu wewe ukikata mstari. Nimeiweka barua dirishani juani, nikaona herufi tatu: "usi". Usi nini, shangazi?

Mwanao mdadisi,
Sindano

30 Machi

Sindano,

Marahaba. Sasa najua jina nililokupa halikukosea. Unachoma.

Ule mstari nilikosea, nikaufuta. Mwalimu naye ni mtu.

Tushughulikie ulimi wa baba yako. Kitu "nyuma yake" nimekielewa; ni ladha inayobaki baada ya kumeza. Inaweza kutoka kwenye mambo mengi, na njia ya kulijua jambo moja kati ya mengi ni kubadilisha moja tu kwa wakati na kuyaacha mengine kama yalivyo. Ukibadilisha mawili pamoja na kikombe kikawa kitamu, utamshukuru nani?

Anza na maji: jaribu maziwa moto badala yake. Ikishindikana rudi kwenye maji, ubadilishe kikombe. Sisi tulikunywea vikombe vya bati, na bati hupitisha joto mpaka mdomoni. Ikishindikana, rudi kikombe cha kwanza, uongeze chumvi kidogo. Andika kila kitu: siku, ulichobadilisha, alichosema, na alichokunywa. Andika hata makosa. Hasa makosa. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia, jaribio lisiloandikwa makosa yake ni porojo.

Na kilo zake uziandike pia. Yule mtu alikagua mizani za madukani miaka thelathini, hawezi kuwa hana mizani nyumbani.

Shangazi yako

12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ripoti yangu hii hapa, na ningekuwa mwanafunzi wako ningetaka alama nzuri.

Maziwa moto: "Nzito. Siyo ile." Nusu kikombe. Kikombe cha bati: alitabasamu alipokiona, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Sauti ndiyo. Ladha siyo." Nusu kikombe. Chumvi zaidi: "Unataka kunikausha kama samaki?" Nusu kikombe. Na nikisema nusu, shangazi, ni nusu kamili. Nimeweka rula. Havuki mstari wala haishii kabla yake.

Lakini furahi: kilo zinapanda! Mizani iko chumbani kwake, ile kubwa ya kusimama yenye mshale, kila Jumatatu anapanda mbele yangu. Machi mwishoni arobaini na nane. Wiki iliyopita arobaini na tisa. Juzi hamsini! Nilipiga vigelegele mpaka fundi viatu akaja kuuliza nani amezaa. Baba akasema, "Sasa utaacha kunifuatafuata na bakuli?" Nikamwambia nitapunguza.

Ila kuna kitu sikielewi, na wewe ndiye mtu wa sayansi. Jana nilimpima kiuno ili nimshonee suruali ya kwendea hospitali. Futi yangu inasema amepungua nusu inchi tangu Machi. Nikapima tena. Nikapima kifua, nacho kimepungua. Je, mtu anaweza kuongezeka kilo na kupungua kiuno? Nyama inahamia wapi?

Sindano

19 Aprili

Mwanangu,

Swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyosahihisha maishani. Nimelichukua nikatembea nalo bustanini asubuhi nzima.

Vipimo viwili vikibishana, mtu huwa anamwamini yule anayesema analotaka kusikia. Wewe ulitaka mizani iwe kweli, ukaanza kuishuku futi. Lakini futi yako ni utepe wenye mistari. Haina mahali pa kujificha. Mizani ina springi na skurubu ndani, na ni watu wachache wanaojua kuzifikia. Mmoja wao analala kwenye chumba hichohicho.

Simshitaki. Nakupa jaribio. Maji lita moja yana uzito wa kilo moja, popote ulipo, hayajui kudanganya wala kuhurumia mtu. Chukua dumu la lita ishirini ulilojazia mwenyewe. Dumu tupu la plastiki ni kama kilo moja. Baba yako akiwa bafuni, liweke juu ya mizani. Usome, uandike, ulitoe. Usiseme neno mpaka uwe na namba.

Natamani nikosee.

Shangazi yako

25 Aprili

Shangazi,

Hujakosea. Mizani ikiwa tupu inasoma sifuri safi, huwezi kuishuku. Nimeweka dumu, imesoma karibu ishirini na tatu. Kilo mbili nzima za uongo! Na mzigo ukizidi, uongo nao unazidi. Jana nilimpeleka baba zahanati, wakampima: arobaini na sita. Amepungua kilo moja, shangazi. Wiki tano za kakao na amepungua, kwa sababu nilipoona kilo zinapanda nilianza kulegeza chakula, na yeye akashukuru.

Tulirudi nyumbani. Nikaketi mbele yake.

"Baba, umeichezea mizani?"

"Nimeirekebisha."

"Kwa upande gani?"

Akacheka kwa pua. "Swali hilo nilikuwa nawauliza wenye maduka. Wote walikuwa wanasema springi imechoka."

"Na yako?"

"Yangu haijachoka. Mimi ndiye niliyechoka. Mama, ulikuwa unalia juu ya supu kila siku. Nikaona nikupe kilo tatu za kukufurahisha. Ni kitu kidogo, mizunguko miwili ya bisibisi."

"Ulikuwa unawafungia watu maduka kwa mzunguko mmoja!"

"Ndiyo. Na nilikuwa na haki."

Nilitaka kumpiga na mto. Halafu akageukia ukutani akasema, taratibu, si kwa hasira: "Mimi siyo wa kwanza kwenye familia hii kuficha kitu jikoni. Muulize shangazi yako. Miaka saba namngoja aseme, na kakao yenyewe bado anaificha."

Shangazi, nimebakiza wiki tisa. Kilo tano. Sijali tena nani alimkosea nani. Yeye anaficha skurubu, wewe unaficha mstari, na mimi katikati nakimbia na kikombe. Kama kuna kitu unakijua kuhusu hiyo kakao na hukisemi, na baba akashindwa kufika kilo zake, utakaa nacho wapi?

Nisamehe nimeandika bila shikamoo. Shikamoo.

Sindano

3 Mei

Mwanangu Sindano,

Marahaba, na hukuwa na deni la kuisema.

Barua hii inakuja na kifurushi. Ndani kuna kopo jekundu. Lifungue baada ya kusoma, siyo kabla. Na usisome kimya. Baba yako nilimkana mbele ya watu, kwa hiyo msomee mbele ya watu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yeye saba. Kazi ya kutengeneza kakao ya nyumba ilikuwa ya mama, na maziwa ya unga yalinunuliwa mara moja kwa mwezi, kopo moja kubwa, kwa hesabu. Siku hiyo mama alikuwa kazini. Nilikuwa nimeachiwa jikoni, na nilikuwa na kitabu cha kuazima nilichotakiwa kukirudisha kesho yake. Nikaweka birika motoni, nikaacha kopo la maziwa wazi kando yake, nikasoma. Nilipoinua kichwa mvuke ulikuwa umeingia kwenye maziwa yote yakawa tope. Nikaogopa. Nikafikiri kama mtu aliyesoma nusu: kilicholowa hukaushwa. Nikayamimina kwenye kikaango kikavu, nikakiweka jikoni, nikakoroga. Kisha nikasema nimalizie ukurasa mmoja tu.

Yalipoanza kunukia yalikuwa yameshageuka rangi, kahawia hafifu, kama bahasha ya ofisini. Nikayarudisha kwenye kopo. Mama alipoingia alijua kwa pua kabla hajavua viatu. "Nani ameharibu maziwa?"

Sasa jua kwamba wiki moja kabla baba yako alikuwa amekamatwa akilamba maziwa ya unga, mdomo mweupe mpaka masikioni. Mama alimtazama yeye. Mimi sikusema "ni yeye". Nimejitetea na hilo miaka mingi. Sikusema "ni yeye", nilisema tu, "Mimi nilikuwa nasoma." Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Nimekuja kujua hakuna uongo mzito kuliko ukweli uliokatwa nusu.

Mama hakumpiga. Alimnyima kakao mwezi mzima. Na maziwa hayakutupwa, nyumba yetu haikuwa ya kutupa, yalichanganywa hivyohivyo. Ndipo ikatokea ile kakao. Sukari iliyomo ndani ya maziwa ikiungua kidogo, pamoja na ile sehemu inayojenga mwili, huzaa ladha mpya, kama ya karanga, kama ya mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Hiyo ndiyo iliyo "nyuma yake". Nyumba nzima ilisema haijawahi kunywa kakao kama ile, na mdogo wangu amekaa mlangoni ananusa.

Nilikuwa nakunywa nusu kikombe, nusu nampelekea nyuma ya nyumba. Siku zote thelathini. Alikuwa ananishukuru. Ananiita dada mwema. Nilipokea.

Baadaye mama alinikabidhi kazi ya kakao, nami kila mwezi niliyakaanga maziwa kwa siri, na kila aliyeniomba maelezo nilimpa yote isipokuwa hilo. Kwako nilianza kuandika, "usiyaache motoni", nikaukata mstari.

Siku ya mazishi ya mama, baba yako alikisimulia kisa hiki mbele ya wageni, kwa mzaha, ili watu wacheke kidogo. Kumbe alikuwa anajua! Sebuleni walikaa wanafunzi wangu wa zamani sita, mmoja sasa ni mkuu wa shule. Nikasema, "Huyu tangu utotoni anaota macho wazi." Akaniambia siku nitakayosema kweli ndiyo siku tutakayozungumza. Nikachukua mkoba.

Haya, kazi. Kikaango kikavu, moto mdogo kuliko unavyodhani. Vikombe viwili vya maziwa ya unga. Koroga kwa mwiko bila kupumzika, mpaka rangi ya bahasha. Itachukua kama dakika nane; saba za kwanza utaona hakuna kinachotokea, ya nane itakukimbia. Yatoe, yamwage kwenye sinia, yapoe kabisa kabla hujayachanganya, la sivyo kakao itayeyuka na kushikana. Mengine ni kama nilivyoandika. Na usisome kitabu.

Dada yake aliyemkana,
shangazi yako

16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nilifanya kama ulivyoagiza. Niliisoma barua yako kwenye chumba cha mbele, baba kwenye kiti chake, fundi viatu, mama wawili waliokuja kuchukua sare za watoto, na bibi harusi wa gauni jeupe ambaye alikuja kugomba akasahau kilichomleta. Nilipofika kwa wanafunzi sita, mama mmoja alisema, "Masikini mwalimu!" Fundi viatu akasema, "Masikini mwalimu? Masikini mtoto!" Wakaanza kubishana, baba akawaambia, "Nyamazeni. Mwanangu, rudia hapo kwenye kitabu." Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu, na machozi yanashuka.

Halafu nikalifungua kopo, nikatoa maziwa ya unga uliyoyatia, nikaenda kukaanga. Dakika saba kweli hakuna kitu. Ya nane ikaja harufu, na kabla sijageuza mwiko nikasikia kutoka chumba cha mbele: "Nani anachoma maziwa?"

Na akaja. Shangazi, baba hajaingia jikoni tangu Januari. Alikuja kwa miguu yake, ameshika ukuta, akasimama mlangoni ananusa.

Nilipompa kikombe, cha bati, wote tulimkodolea macho. Akanywa. Akakaa nayo mdomoni.

"Ile," akasema.

Alipofika nusu akasimama, kama kawaida. Nikajua sasa ile nusu ni nini, nikashindwa kumwambia amalizie. Alikitazama kikombe muda mrefu. Kisha akakiinua akanywa yote, akakigeuza juu chini, halikudondoka tone.

Tangu siku ile ni vikombe vinne kwa siku, na jana aliomba yai. Mizani yake nimeifungia kabatini. Tunapimia zahanati: arobaini na saba na nusu.

Bibi harusi ameomba vipimo vya kakao. Nimpe vyote?

Sindano

22 Mei

Mwanangu,

Mpe vyote.

Shangazi yako

5 Julai

Dada,

Shikamoo. Hiyo ni moja. Shikamoo za miaka saba zimelundikana, nyingine nitazitoa tukionana, maana muuguzi anasema niandike mistari michache.

Nilifika hamsini na moja na robo, bila viatu. Mizani ya hospitali niliikagua kwanza. Inapunja gramu mia mbili, nikawasamehe. Wamenifungua, wakatoa kisichotakiwa, wakanifunga, kazi safi kabisa. Sindano amekagua mshono akasema yeye angeweka nyuzi karibukaribu zaidi, daktari akamwuliza kama anatafuta kazi.

Umeniuliza bila kuuliza nilijuaje. Nilikuona. Nilikuwa dirishani nikitafuta njia ya kuingia kwenye hayo maziwa mwenyewe. Nilikuona na kitabu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, na mwiko haukuwa unatembea. Ningeweza kusema. Lakini jioni ile ulikuja nyuma ya nyumba na nusu kikombe, na nilikuwa sijawahi kupewa kitu na mtu mkubwa bila kuomba. Nikaona nikisema, mwezi utakwisha. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na springi yangu.

Tangu hapo sijui kumaliza kikombe cha kakao. Marehemu mke wangu alidhani ni adabu mbaya.

Sebuleni siku ile sikutaka kukuaibisha. Nilitaka tu mtu mmoja mwingine aikumbuke pamoja nami, na mama alikuwa ameshaondoka.

Kopo jekundu liko hapa, lina kutu kidogo chini, nimelisugua. Sindano anataka kulirudisha kwa basi, nimekataa. Daktari ameniruhusu nusu kikombe kwa siku mpaka mshono ukauke. Nusu nyingine haina mtu.

Njoo na kitabu kirefu. Safari hii wewe soma, mimi nitakoroga.

Mdogo wako